Shajara ya mradi: siku 110 za uvuvi wa kamba

Wiki ya 1

Nimeanza. Kazi ni kuunda ndani ya kompyuta akiba ya kamba ambayo ukweli wake naujua mwenyewe, kisha kuzijaribu juu yake njia za kutathmini afya ya akiba: ipi inasema kweli, ipi inakosea, na inakosea kuelekea upande gani. Baharini hakuna anayejua idadi ya kamba walioko chini. Njia ikikosea, kosa hufichika mpaka miaka ipite na nyavu zianze kurudi nyepesi. Huku kwenye kompyuta nitaliona siku hiyo hiyo. Njia zitakazofaulu ndizo zitakazotumika katika tathmini yenyewe, ile ambayo wasimamizi wataitegemea kupanga msimu, kwa hiyo sina haraka.

Nimechagua kamba wa maji ya joto, jamii ya Penaeus. Jike hutaga baharini, lava (watoto walioanguliwa) wakabebwa na mikondo, na baada ya wiki mbili tatu huingia kwenye milango ya mito na mikoko. Hukulia humo miezi michache, hurudi baharini, hupevuka, hutaga. Wachache sana hufikisha miaka miwili. Samaki anayeishi miaka 20 huweza kuvumilia mwaka mbaya kwa sababu wazazi wa miaka ya nyuma bado wapo. Kamba hawana wazee wa kuwategemea: karibu mavuno yote ya msimu ni rika moja, na rika la mwakani litatoka kwa hao hao watakaosalia.

Vipimo nilivyoingiza: urefu wa juu kabisa wa gamba la kichwa kwa jike milimita 45, kasi ya kukua 1.8 kwa mwaka katika mlinganyo wa von Bertalanffy (kanuni ya hesabu inayotoa urefu wa mnyama kwa umri wake), vifo vya asili kwa kiwango cha 2 kwa mwaka. Hivi nimevichagua mimi na havimwakilishi kamba wa bahari fulani. Kwa vipimo hivyo jike wa miezi 3 ana milimita 16, wa miezi 6 ana 27, wa mwaka mmoja ana 38. Na kila mwezi, katika kamba 100, 15 hufa hata kama hakuna wavu ulioshuka majini. Namba hiyo ya 15 nimeibandika ukutani, maana kila uamuzi unaokuja utapimana nayo.

Wiki ya 2

Umri. Samaki ana jiwe dogo la sikio lenye pete za kuhesabika kama za mti. Kamba hukua kwa kujivua gamba, na anapolivua hutupa karibu kila kilicho kigumu mwilini. Mwaka 2012 Raouf Kilada na wenzake walichapisha kazi iliyoonyesha mistari kwenye vishina vya macho na kwenye meno ya tumbo ya kamba na jamaa zao, na mjadala juu ya maana ya mistari hiyo ungali unaendelea. Mimi nimebaki na urefu: pima maelfu ya kamba kila mwezi, chora grafu, fuata vilele vinavyosogea kulia kadiri rika linavyokua.

Programu iliniletea vilele viwili vilivyo wazi. Kimoja milimita 31, kingine milimita 25. Ikavisoma kama marika mawili, la miezi 8 na la miezi 5 na nusu, na hapo mtu angeandika kwenye ripoti kwamba kuna wimbi la pili la kamba wachanga linaingia uvuvini. Mimi niliyeiumba akiba hii najua kwamba niliingiza rika moja tu.

Wiki ya 3

Siku tatu zimekwenda kutafuta kosa kwenye msimbo wa programu, na kosa halikuwa kwenye msimbo. Madume. Kwa kamba hawa jike huwa mkubwa kuliko dume, nami madume niliwapa urefu wa juu wa milimita 36. Dume wa miezi 8 ana milimita 25, na ukimpima kwa kipimo cha jike anaonekana mtoto wa miezi 5 na nusu. Lile wimbi la pili lilikuwa ndugu zao wa kiume.

Kosa hili limenitisha kuliko nilivyotarajia, kwa sababu linapendeza. Linamwambia msimamizi kwamba wachanga wanakuja, endelea kuvua. Na dawa yake ni nyepesi: kutenganisha jinsia kabla ya kupima. Dume ana petasima, kiungo cha kupandishia, kati ya jozi ya kwanza ya miguu ya kuogelea, jike hana, na mkono uliozoea humaliza kamba mmoja kwa sekunde chache. Fomu ya kupimia sasa ina safu ya jinsia, na karatasi isiyojazwa safu hiyo haitaingia kwenye hesabu.

(Kwa kamba wa bahari zenye baridi, Pandalus borealis, mambo ni mengine kabisa. Yeye huanza maisha akiwa dume kisha hugeuka jike, hivyo kuwatenganisha kwa jinsia ni kuwatenganisha pia kwa umri. Njia ya kutathmini haihami kutoka jamii moja kwenda nyingine bila kuulizwa kwanza.)

Wiki ya 4

Lini msimu ufunguliwe? Hapa kuna mbio mbili zinazoshindana: kamba anaongezeka uzito, rika linapungua idadi. Kati ya mwezi wa 4 na wa 5 wa umri, kila jike anayesalia anaongeza uzito kwa asilimia 60, huku 15 kati ya 100 wakifa. Jumla, uzito wa rika zima unapanda asilimia 35 kwa kusubiri mwezi mmoja. Mwezi unaofuata unapanda asilimia 20, kisha 11, kisha 5. Karibu na miezi 9 mbio zinakuwa sare, na baada ya hapo kusubiri ni hasara.

Ila nilipobadilisha vifo vya asili kutoka 2 kuwa 3, kilele kilirudi nyuma hadi miezi 7. Tofauti ya karibu miezi miwili imeletwa na namba moja, na hiyo ndiyo namba ngumu kuliko zote kuipima baharini, kwa sababu kamba aliyeliwa na samaki haachi kumbukumbu. Kwa hiyo nakataa kuandika tarehe moja ya ufunguzi kana kwamba naijua. Nimeweka ufunguzi rika likiwa na miezi 6. Upande mmoja tunapoteza uzito kidogo, upande wa pili hatujavua watoto.

Wiki ya 5

Kosa dogo la msimbo: vifo vya uvuvi vya mwaka viliingia kama vya mwezi. Karibu akiba yote ilikufa ndani ya mwezi wa kwanza wa msimu. Nimerekebisha na kurudia kila kitu tangu mwanzo. Sina zaidi.

Wiki ya 6

Nimejaribu njia ya kupungua, ya watafiti Leslie na Davis, mwaka 1939. Wazo lake ni zuri na nalipenda: kadiri unavyovua ndivyo mavuno kwa siku yanavyoshuka, basi chora mavuno kwa siku dhidi ya jumla ya kilichokwisha vuliwa, nyoosha mstari mpaka mavuno yawe sifuri, na pale ulipogusa ndipo idadi ya kamba waliokuwepo mwanzoni.

Niliweka kamba milioni 100, vifo vya uvuvi kwa kiwango cha 3 kwa mwaka wakati msimu uko wazi. Njia ikanirudishia milioni 60. Nikajaribu tena, 60 ile ile. Sababu ni wazi ukikaa nayo: mstari unadhani kila kamba aliyetoweka ametoka kwa wavu, kumbe katika kila watano waliotoweka wawili wamekufa kifo cha asili. Kwa samaki wa kuishi miaka mingi, katika msimu mfupi, kosa hilo ni dogo. Kwa kamba linakula asilimia 40 ya akiba. Nilipoingiza vifo vya asili ndani ya hesabu, milioni 100 zikarudi.

Hata hivyo njia hii inaamini kitu kimoja bila kukihoji: kwamba siku ya uvuvi ni siku ya uvuvi, leo na kesho.

Wiki ya 7

Nimezungumza na nahodha mstaafu aliyekokota nyavu za kamba maisha yake yote ya kazi. Nilimwonyesha grafu ya mavuno kwa siku, mstari uliolala, miaka 20 bila kushuka. Nilidhani ataufurahia.

“Hizi siku zako, mwanangu, zote zina urefu mmoja?”

Nikamwambia, ndiyo Mzee, siku ni siku.

“Mimi siku yangu ya kwanza baharini na siku yangu ya mwisho si siku moja. Ya kwanza nilikuwa natafuta kamba. Ya mwisho nilikuwa nakwenda walipo.”

Akanieleza kwa utaratibu. Injini kubwa zaidi. Wavu mmoja ukawa nyavu mbili, kisha nne. Kipimasauti kikasomeka vizuri zaidi. Halafu kikaja kifaa cha setilaiti, na pale walipopata kamba jana waliweza kurudi usiku wa manane bila kukosea hata mita chache, wakipita kandokando ya miamba waliyokuwa wakiikwepa kwa mbali. Hakuna aliyevunja sheria. Idadi ya siku ilikuwa ile ile.

Nilirudi mezani na jambo hili likanikaa. Lilipimwa katika uvuvi wa kamba wa kaskazini mwa Australia, kwenye Ghuba ya Carpentaria: meli iliyofungiwa GPS, kile kifaa cha setilaiti, pamoja na kichora ramani ilipata uwezo wa kuvua zaidi kwa takriban asilimia 7, ukafika 12 baada ya miaka mitatu nahodha alipokwisha kukizoea. Kifaa kimoja tu hicho.

Katika modeli nimeweka ongezeko la asilimia 3 kila mwaka. Linaonekana dogo. Miaka 20 ya asilimia 3 juu ya asilimia 3 ni mara 1.8. Maana yake meli ya mwaka wa 20, siku moja, inafanya kazi ya siku 1.8 za mwanzo. Na maana yake ni kwamba ule mstari uliolala, niliokuwa tayari kuuita dalili ya afya, unaweza kulala vile vile huku akiba imeshuka hadi asilimia 55. Nimeuchora tena, safari hii ukweli wa ndani ya kompyuta ukiwa juu yake kwa rangi nyekundu. Mstari mweusi umelala, mwekundu unateremka. Sikuwahi kuona picha iliyonishughulisha hivi tangu mradi uanze.

Wiki ya 8

Swali la msingi la mradi nimeliweka mezani sasa: kati ya majike ambao wangefika siku ya kutaga kama uvuvi usingekuwepo, wangapi wanafika uvuvi ukiwepo? Katika tathmini nyingi kikomo huwekwa kati ya asilimia 30 na 40. Kwa mnyama asiye na wazee wa akiba nachukua 40. Katika modeli wanataga wakiwa na miezi 10. Najua wengine hutaga mapema kuliko hapo, nitalirudia.

Tukifungua rika likiwa na miezi 4 na kuvua moja kwa moja mpaka miezi 10, wanabaki asilimia 22. Tukifungua kwenye miezi 6 na kuvua mpaka 10, asilimia 37. Ili wabaki 40, msimu uwe siku 110.

Halafu nikagundua kitu ambacho sikukitafuta. Nilihamisha zile siku 110 mbele na nyuma, nikafungua kwenye miezi 4, kwenye 5, kwenye 6. Majike wanaobaki: asilimia 40 kila mara. Nilidhani msimbo umeharibika tena. Haukuharibika. Wakilinganishwa na hali isiyo na uvuvi, wanaobaki wanategemea jumla ya siku zilizovuliwa kabla ya kutaga, bila kujali ni siku zipi. Kinachobadilika ni uzito wa mavuno. Kwa hiyo tarehe ya kufungua ni haki ya mvuvi, inampa kamba wakubwa kwa kazi ile ile. Urefu wa msimu ndio ulinzi wa majike. Nimeshasoma mipango inayosogeza tarehe ya ufunguzi mbele na kuiita hatua ya kuwalinda wazazi, huku msimu ukibaki na urefu wake ule ule. Sasa naona hatua hiyo ilimlinda nani.

Kwa wale wanaotaga mapema, wakiwa na miezi 6 au 7, kufungua mapema kunawaumiza kweli. Nimeongeza kundi hilo katika modeli, na ufunguzi wa miezi 6 bado unasimama vizuri kuliko wa miezi 4.

Wiki ya 9

Nimeunganisha wiki ya 7 na wiki ya 8. Sheria imeandikwa: siku 110 kila mwaka, wala haibadiliki. Meli zinaongeza uwezo asilimia 3 kwa mwaka.

Mwaka wa kwanza wanabaki asilimia 40 ya majike. Baada ya miaka 10, asilimia 29. Baada ya 20, asilimia 19.

Hakuna aliyezidisha siku hata moja. Mkaguzi angepita na kuweka alama ya vema kwenye kila karatasi, na wazazi wa rika lijalo wamepungua zaidi ya nusu. Sheria iliyoandikwa kwa siku inaoza yenyewe ikiwa siku inabadilika ndani yake. Nimempigia simu Mzee kumwambia. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama namba hizo zipo kwenye karatasi.

Wiki ya 10

Basi tunahitaji jicho lisilobadilika: safari za upimaji, wavu ule ule, matundu yale yale, kasi ile ile, vituo vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu ndani ya kila kanda ya kina. Kuna kishawishi cha kupeleka wavu kule kamba wanakojulikana kuwa wengi, na hapo kipimo kinageuka kuwa uvuvi.

Kamba hukaa kwa makundi, kwa hiyo mkokoto mmoja hujaa na wa jirani huja mtupu. Nimeweka mtawanyiko wa asilimia 150 ya wastani kati ya mkokoto na mkokoto. Kwa vituo 40, wastani wa safari nzima unabaki na shaka ya asilimia 24. Kuipunguza iwe 12 kunahitaji vituo 160: mara nne ya kazi kwa nusu ya shaka.

Mpango wangu ni safari mbili kila msimu, moja kabla ya kufungua na moja baada ya kufunga. Sheria ikifanya kazi yake, katika kamba 100 wa safari ya kwanza tunatarajia 22 katika ya pili, vifo vya asili vikiwamo. Uwezo wa meli ukiwa umepanda mara 1.8, watabaki 10. Wachanga walioingia katikati ya msimu wanatolewa kwa urefu wao, kwa jinsia, ndiyo maana ile safu ya wiki ya 3 haina mjadala.

Tatizo: kwa vituo 40, jibu la mwaka mmoja lina shaka kubwa mno hata 22 na 10 zinagusana. Wastani wa miaka mitano unazitenganisha. Kwa mwendo huo kupotoka kwa sheria kunathibitika karibu mwaka wa 12, majike wakiwa wameshuka hadi asilimia 27. Kwa vituo 160, mwaka wa 7, wakiwa 32.

Wiki ya 11

Kabla ya kuandika sheria nimeiongezea akiba miaka mibaya, kwa sababu uvuvi si sababu pekee. Katika Ghuba ya Carpentaria kuna jamii ya kamba ambayo mavuno yake hufuata mvua: mito ikijaa, wachanga husukumwa baharini kwa wingi. Na katika Ghuba ya Maine, Marekani, wale kamba wa bahari zenye baridi waliporomoka baada ya bahari kupata joto lisilo la kawaida mwaka 2012. Uvuvi wa kibiashara ulisimamishwa kuanzia msimu wa 2014, miaka ikapita, na akiba haikurudi. Mtu akikuambia kufunga uvuvi ni dawa ya kila ugonjwa, mtajie ghuba hiyo. Lakini ndani ya modeli mwaka mbaya uliokuta asilimia 40 ya majike na mwaka mbaya uliokuta asilimia 19 haifanani hata kidogo. Ule wa kwanza akiba ilisimama tena ndani ya misimu miwili. Ule wa pili nilisimamisha programu nikiwa bado nasubiri.

Wiki ya 12

Kanuni za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, za mwaka 1995 kuhusu uvuvi wenye kuwajibika zinasema upungufu wa taarifa za kisayansi usiwe sababu ya kuahirisha hatua. Kungoja mwaka wa 12 ili kuthibitisha ni kuahirisha. Basi rasimu yangu inageuza mpangilio: msimu unaanza na siku 110 na unapungua wenyewe kila mwaka kwa kiasi cha ongezeko tunalolikadiria. Baada ya miaka 10 unakuwa siku 82. Safari za upimaji zinabaki kama msahihishaji.

Nilimpelekea Mzee rasimu. Alisoma ukurasa wa pili mara mbili.

“Siku 82. Na wale ambao hawakufunga injini mpya, nao wanakatwa?”

Sikuwa na jibu pale pale. Alikuwa na haki, na hesabu yangu haikuwa na nafasi ya haki hiyo. Akaongeza:

“Sikatai kukatwa. Ila andika pia lini zinarudishwa.”

Nimeandika. Wastani wa miaka mitano ukionyesha kwamba wanaobaki wamezidi 22 kwa kila 100, siku zinarudi kwa hesabu ile ile iliyozipunguza, na anayetaka zirudi mapema ana sababu ya kuomba vituo viongezwe kutoka 40. Swali la meli moja moja bado liko wazi. Kesho naanza kuandika daftari la vifaa: kila meli, urefu wa nyavu, idadi ya nyavu, nguvu ya injini, mwaka kilipofungwa kila kifaa. Mzee amekubali tuanze na meli aliyoiongoza yeye, anakumbuka kila kilichofungwa na msimu kilipofungwa.